Mama Kevina wa Nsambya

Teresa Kearney alizaliwa katika nchi ya Ireland tarehe 28 Aprili 1875. Baba yake alikuwa amekwisha kufa, na mtoto alipopata miaka 10 mama yake naye akafariki. Bibi yake akamlea. Alipokuwa msichana mzima akaingia utawa wa Mtakatifu Fransisko kule London, akapewa jina la Maria Kevin.

Mwezi wa Januari 1903 alifika Uganda pamoja na masista wenzake watano. Pale Nsambya, karibu na Kampala, hapakuwa na nyumba ya wagonjwa. Wakaanza kugawa dawa chini ya mwembe. Ilipokuja vita ya 1914, ile iliyowachukua wapagazi wengi wa Maniema pia, waliwauguza wapagazi waliorudi na vidonda na homa.

Lakini jambo moja lilimwumiza sana moyo. Akina mama wengi walikufa katika kuzaa, na sheria ya Kanisa ya siku zile iliwakataza masista kazi ya ukunga. Mama Kevina hakuivunja sheria, wala hakukaa bure. Pamoja na Evelyn Connolly, mwanamke mganga asiye mtawa, alifungua shule pale Nsambya mwaka 1921, ili wasichana wa Uganda wajifunze uuguzi na ukunga. Mkunga aliyefundishwa hunawa mikono vizuri, huchemsha vyombo vyake, na hutambua mapema kama mtoto amekaa vibaya tumboni. Mambo hayo yaonekana madogo, lakini ndiyo yaokoayo mama na mtoto.

Mwaka 1923 alianzisha shirika la masista Waafrika, Masista Wadogo wa Mtakatifu Fransisko. Naye hakuchoka kuwasihi wakubwa wa Kanisa juu ya lile katazo, hata mwaka 1936 Roma ikawaruhusu masista kujifunza uganga na ukunga.

Mama Kevina alifariki Marekani tarehe 17 Oktoba 1957, akiwa na miaka 82, huku akiziombea misaada misioni za Afrika. Wakristo wa Uganda walitaka arudishwe kwao, akazikwa Nkokonjeru.

Ninyi wasichana wa Kasongo na Kabambare, wale wanafunzi wa kwanza wa Nsambya walikuwa wasichana kama ninyi. Shikeni masomo yenu: huenda siku moja mama mmoja atapona kwa mikono yenu.