Albert Einstein na mshipa uliomkatia uhai

JINA la Albert Einstein linapotajwa, wengi huwazia nywele zilizotimka na hesabu ngumu kuhusu nuru na wakati. Ni wachache wanaofahamu kwamba mwanasayansi huyu aliishi miaka yake ya mwisho akiwa na mshipa wa damu uliofura tumboni, ambao ungeweza kupasuka siku yoyote.

Einstein alizaliwa Machi 14, 1879 mjini Ulm, Ujerumani, katika familia ya Kiyahudi. Mnamo 1905, akiwa mfanyakazi wa afisi ya kusajili uvumbuzi mjini Bern, Uswisi, alichapisha makala yaliyotikisa misingi ya fizikia. Kazi yake kuhusu nuru ilimpa Tuzo ya Nobel ya 1921. Wanazi walipotwaa mamlaka mwaka wa 1933, alihamia Marekani na kufanya makao Princeton.

Huko ndiko alikosumbuliwa na maumivu makali ya tumbo. Desemba 1948, alipasuliwa jijini New York na Dkt Rudolph Nissen, ambaye pia alikuwa ameihama Ujerumani kwa sababu ya Wanazi. Nissen alikuta aota, mshipa mkuu unaotoa damu moyoni na kuisambaza mwilini, imefura kiasi cha balungi.

Kwa kawaida, aota inapopita tumboni huwa na upana wa takriban sentimita 2. Ukuta wake ukidhoofishwa na uzee, moshi wa tumbaku au shinikizo la damu, hutanuka polepole mithili ya tyubu ya baiskeli iliyochakaa. Aghalabu mgonjwa hahisi lolote. Ukipasuka, damu humwagika ndani na wengi hufariki kabla ya kufikishwa hospitalini. Einstein alikuwa amevuta kiko kwa miaka mingi.

Wakati huo hapakuwa na njia ya kuaminika ya kuukata mshipa huo na kuunga mwingine. Nissen aliuzungushia selofeni, ile karatasi angavu ya kufungia bidhaa, ili mwili ujenge kovu gumu la kuukaza ukuta. Mbinu hiyo ilikuwa ya kubahatisha, lakini Einstein aliishi zaidi ya miaka sita baadaye. Aprili 11, 1955 alitia sahihi tamko la Bertrand Russell la kuonya walimwengu kuhusu silaha za nyuklia.

Siku mbili baadaye, mshipa ulianza kuvuja.

Tiba nayo ilikuwa imepiga hatua. Mnamo 1951, Dkt Charles Dubost wa Paris alikuwa amefaulu kuikata aota iliyofura na kuunga kipande kilichotolewa kwa maiti. Dkt Frank Glenn, mpasuaji kutoka New York, alipendekeza Einstein apasuliwe. Mzee alikataa. Aliona kwamba ametimiza wajibu wake, na hakutaka uhai urefushwe kwa hila za kibinadamu. Akiwa kitandani hospitalini aliagiza miwani na karatasi zake za hesabu. Alifariki usiku wa kuamkia Aprili 18, 1955, akiwa na umri wa miaka 76.

Msomaji asidhani hilo lilikuwa sikio la kufa lisilosikia dawa. Upasuaji huo ulikuwa mchanga, na kwa mzee ambaye mshipa wake ulikuwa tayari ukivuja, hatari ilikuwa kubwa mno. Einstein alipima, akachagua.

Leo mizani imebadilika. Picha ya mawimbi ya sauti hufichua uvimbe mapema, na kwa wanaume upasuaji hupendekezwa kwa kawaida upana unapofika sentimita 5.5. Wapasuaji huunga mshipa wa kitambaa maalumu. Isitoshe, tangu Dkt Juan Parodi afungue njia jijini Buenos Aires mnamo 1990, wagonjwa wengi huingiziwa mshipa bandia kupitia kinenani, bila kupasuliwa tumbo.

Kwa hivyo, mzee aliyevuta sigara kwa miaka mingi na ambaye leo anakwepa kupimwa asijifananishe na Einstein. Yeye alikataa tiba huku akijua ugonjwa wake. Asiyepimwa huenda asipate hata fursa ya kuchagua.