Muhammad Kijumwa

Muhammad bin Abubakar bin Omar al-Bakari (Lamu, takriban 1855 – Lamu, 1945), anayejulikana zaidi kama Kijumwa au Muhamadi Kijuma, alikuwa mshairi, mnakili wa miswada, mchongaji wa mbao na mwanamuziki kutoka kisiwa cha Lamu, katika nchi ambayo leo ni Kenya. Anakumbukwa hasa kwa mwandiko wake wa herufi za Kiarabu. Baadhi ya tenzi mashuhuri zinazosomwa leo shuleni na vyuoni ziliwafikia wachapishaji zikiwa zimenakiliwa kwa mkono wake.

Maisha

Alizaliwa wakati Lamu ikiwa chini ya Sultani wa Zanzibar. Alipofariki, kisiwa hicho kilikuwa kimetawaliwa na Waingereza kwa takriban nusu karne. Lamu ya ujana wake ilikuwa mji wa wanazuoni, mabaharia na malenga, na ushairi ulisikika msikitini, arusini na ngomani. Kijumwa aliingia kote huko. Alitunga nyimbo, alipiga ala za muziki na alichonga milango. Ni vigumu kumweka katika fani moja tu, na pengine ndiyo sababu vitabu vya shule humtaja kwa ufupi mno.

Mwandiko wake

Waandishi wa zamani wa pwani walitumia kalamu ya tete iliyochongwa ncha kwa mshazari. Kalamu ya namna hiyo hutoa mstari mnene inapovutwa upande mmoja na mwembamba inapovutwa upande mwingine, kwa hiyo uzuri wa herufi hutegemea mkono wa mwandishi. Katika miswada ya tenzi, ubeti mzima huandikwa katika mstari mmoja, na vipande vyake vinne hutenganishwa kwa alama. Msomaji huona vina vikishuka kama nguzo kutoka juu hadi chini ya ukurasa. Kijumwa alisifiwa kwa unadhifu wa kazi hiyo, na mara nyingi aliweka jina lake na tarehe mwishoni. Desturi hiyo imewasaidia sana watafiti, kwa sababu miswada mingi ya Kiswahili haina jina la mnakili.

Kuandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu kuna ugumu wake. Kiarabu kina alama tatu za irabu fupi, ilhali Kiswahili kina irabu tano, hivyo kuku na koko zinaweza kuandikwa sawasawa. Herufi ya p haimo katika Kiarabu, na mara nyingi m au n iliyo mbele ya konsonanti nyingine haikuandikwa. Neno moja lingeweza kusomwa baba, papa au bamba. Baadhi ya waandishi waliongeza nukta ili kuziba pengo hilo. Mtu aliyezijua tenzi kwa moyo hakusumbuka, lakini mgeni alimhitaji mwenyeji wa kumsomea.

Kazi na wataalamu wa kigeni

Wageni hao walikuja. Alice Werner kutoka Uingereza alifika Lamu kabla ya Vita Kuu ya Kwanza na kupata miswada kwake, ukiwemo Utenzi wa Liyongo wa mwaka 1913. William Hichens aliagiza nakala za tungo za kale, miongoni mwake Inkishafi, aliyoitoa kitabuni mwaka 1939. Mjerumani Ernst Dammann alifanya kazi naye Lamu mwaka 1936 na kuchapisha mkusanyo wa tungo za Kiamu mwaka 1940.

Uhusiano huu ulileta maswali ambayo hayajakwisha. Kijumwa alinakili utungo mmoja zaidi ya mara moja kwa watu tofauti, na nakala hizo hazifanani neno kwa neno. Akiwa mshairi, hakuwa mtu wa kunakili bila kufikiri. Hata Utenzi wa Liyongo unahusishwa naye kama mtunzi, ingawa habari za shujaa huyo ni za kale kuliko yeye kwa karne nyingi. Mpaka kati ya kunakili na kutunga haukuwa mkali kwa malenga wa zamani kama ulivyo kwa wachapishaji wa leo.

Ikumbukwe pia kwamba wakati huohuo Kiswahili kilikuwa kikielekezwa njia nyingine. Mkutano uliofanyika Dar es Salaam mwaka 1925 ulitaka lahaja moja na tahajia moja kwa shule zote. Mwaka 1928 huko Mombasa Kiunguja kilichaguliwa kuwa msingi, na mwaka 1930 ikaundwa kamati ya lugha ya nchi za Afrika Mashariki. Vitabu vya shule vikaandikwa kwa herufi za Kilatini. Mzee huyu wa Lamu aliendelea kuandika ndia badala ya njia na mato badala ya macho, kwa hati ambayo wanafunzi wengi hawakufundishwa tena kuisomea Kiswahili.

Tungo zake

Mbali na kazi ya kunakili, alitunga Utenzi wa Siraji, wenye mawaidha kwa mwanawe Helewa, pamoja na mashairi na nyimbo nyingi za hafla.

Miswada yake

Sehemu kubwa ya miswada yake inayojulikana imehifadhiwa London na Ujerumani. Mohamed Ibrahim Abou Egl aliandika tasnifu juu ya maisha na kazi zake katika Chuo Kikuu cha London mwaka 1983. Mwaka 2010 Gudrun Miehe na Clarissa Vierke walitoa kitabu kikubwa cha tungo alizoziandika, zikiwemo zile zilizokusanywa na Dammann.