Sokoine na vita vya magendo: Mpaka haulindwi na nchi moja

KILA ifikapo Aprili 12, Watanzania humkumbuka hayati Edward Moringe Sokoine, Waziri Mkuu aliyefariki dunia mwaka 1984 kwa ajali ya gari mkoani Morogoro. Wengi humtaja kwa vita vyake dhidi ya walanguzi na wahujumu uchumi. Lisilotajwa mara nyingi ni kwamba vita hivyo vilikuwa pia vya mipakani, mahali ambapo mkono wa polisi wa nchi moja hufika na kusimama.

Wakazi wa Chitete, makao makuu ya Wilaya ya Momba mkoani Songwe, wanalielewa vyema jambo hilo. Wanyamwanga wa huko wana ndugu zao ng'ambo ya pili, Nakonde nchini Zambia, baada ya Waingereza na Wajerumani kugawana ardhi mwaka 1890. Anayevuka kwenda msibani na anayevuka na mali ya wizi huweza kupita njia moja.

Sokoine naye alitoka katika jamii ya namna hiyo. Alizaliwa Monduli Agosti 1, 1938, miongoni mwa Wamaasai, ambao makubaliano ya wakoloni ya mwaka 1886 yaliwaacha wengine Kenya na wengine Tanganyika. Alisoma Monduli, kisha Umbwe mkoani Kilimanjaro, na mwaka 1961 akajiunga na TANU. Baada ya masomo ya utawala nchini Ujerumani Magharibi, alirejea kuwatumikia watu wake.

Safari yake ya uongozi ilikuwa ya haraka. Mwaka 1965 alikuwa Mbunge. Mwaka 1967 Naibu Waziri wa Mawasiliano, Uchukuzi na Kazi. Mwaka 1970 Waziri wa Nchi. Na mwaka 1972 Waziri wa Ulinzi. Februari 1977 Mwalimu Julius Nyerere alimteua kuwa Waziri Mkuu.

Uteuzi huo ulikuja mwezi uleule ambao Tanzania iliufunga mpaka wake na Kenya, Jumuiya ya Afrika Mashariki ikiwa inavunjika. Biashara halali ilikwama, lakini ya magendo haikukwama. Ilihamia njia za panya, ambako hakuna ofisa forodha wala stakabadhi. Kisha vikaja vita vya Kagera vya mwaka 1978 na 1979, vilivyoimaliza hazina ya taifa. Sukari, sabuni na khanga zikawa bidhaa za kupangia foleni, na aliyeweza kuzificha au kuzivusha alitajirika.

Sokoine aliondoka katika wadhifa huo mwaka 1980, akarejeshwa Februari 1983. Mwezi uliofuata operesheni dhidi ya wahujumu uchumi ilianza nchi nzima. Zaidi ya watu elfu moja walikamatwa. Maghala yalipekuliwa, na wenye hofu walizitupa bidhaa zao porini na baharini usiku.

Haki itamke pia upande wa pili. Sheria ya Wahujumu Uchumi ya mwaka 1983 iliunda mahakama maalumu, ikawanyima watuhumiwa dhamana na mawakili, na ikayagusa hata makosa yaliyotendwa kabla ya kutungwa kwake. Mfanyabiashara mdogo mwenye katoni chache za sabuni aliweza kujikuta katika kapu moja na mlanguzi mkubwa. Mwaka 1984 sheria hiyo ilibadilishwa na nyingine, iliyozirejesha kesi hizo Mahakama Kuu na kuruhusu mawakili.

Hata hivyo, operesheni ya ndani ilikuwa na ukomo: aliyewahi kuvuka mpaka alikuwa amepona. Ndivyo ilivyokuwa hata kwa makosa mazito zaidi. Agosti 1982, Hezekiah Ochuka, kiongozi wa jaribio la mapinduzi nchini Kenya, alikimbilia Dar es Salaam kwa ndege. Juni 1983, watuhumiwa wawili wa njama ya kuipindua Serikali ya Tanzania walitoroka gereza la Keko, wakakimbilia Kenya. Kila nchi ikawa maficho ya waliotafutwa na mwenzake.

Fundo hilo lilifunguliwa Novemba 1983. Marais Nyerere, Daniel arap Moi na Milton Obote walikutana Arusha, wakamaliza mgogoro wa mali za Jumuiya, na mpaka ukafunguliwa. Mwezi huohuo Kenya na Tanzania zilikabidhiana watoro wao. Ochuka alihukumiwa kwao na kunyongwa mwaka 1987. Waliorejeshwa Tanzania walifungwa maisha mwaka 1985, wakaachiwa mwaka 1995. Makabidhiano hayo yalikuwa makubaliano ya serikali kwa serikali, na uzito wa kumrudisha mtu anayekwenda kukabili kitanzi haukuwa mdogo. Lakini yalionyesha kuwa jirani anayeaminika hufika ambako askari hawezi kufika.

Sokoine hakuishi kuona mengi ya matunda hayo. Miezi mitano baadaye, akirejea Dar es Salaam kutoka bungeni Dodoma, gari lake liligongana na jingine. Alikuwa na umri wa miaka 45. Alizikwa kwao Monduli. Chuo Kikuu cha Kilimo cha Morogoro kilipewa jina lake, na jijini Mbeya uwanja wa mpira unaitwa Sokoine.

Wakuu wa polisi wa Kusini mwa Afrika waliunda shirikisho lao, SARPCCO, mwaka 1995, na wenzao wa Afrika Mashariki wakaunda EAPCCO mwaka 1998. Tanzania iliingia katika yote mawili, kwa kuwa mipaka yake inatazama pande zote. Kwa mkazi wa Chitete aliyeibiwa ng'ombe usiku, maana yake ni nyepesi: nyayo zikielekea Zambia, awepo askari wa upande ule wa kuzipokea.