William Miller: Aliyerudi Kwenye Neno

Soma Danieli 8:14; Habakuki 2:1-4; Waebrania 10:35-39.

William Miller alizaliwa Marekani mwaka 1782, akalelewa na mama mcha Mungu. Lakini akiwa kijana aliyekwisha kuoa, alisoma vitabu vilivyofundisha kwamba Mungu aliumba ulimwengu kisha akauacha ujiendeshe wenyewe. Akaiweka Biblia kando.

Mwaka 1812 vita vilizuka kati ya Marekani na Uingereza, naye akawa kapteni. Kifo kilikuwa karibu kila siku, na mungu wa vitabu vile hakuwa na ahadi yoyote ya ufufuo. Septemba 1814, huko Plattsburgh, Wamarekani waliwashinda Waingereza waliokuwa wengi kuliko wao. Miller akaanza kujiuliza kama kweli Mungu yuko mbali.

Baada ya vita alikaa Low Hampton, jimbo la New York, akilima. Mwaka 1816 alimpokea Kristo kuwa Mwokozi wake. Rafiki zake wa zamani walimdhihaki, wakamtaka athibitishe kwamba Biblia ni ya kweli. Miller alichukua Biblia na itifaki, kitabu kinachoonyesha kila neno linapatikana katika mafungu gani, akaanza na Mwanzo. Alilinganisha andiko na andiko, wala hakuendelea mbele mpaka ameridhika. Kazi hiyo ilimchukua miaka 2.

Alipofika Danieli 8:14, alidhani patakatifu ni dunia hii, na kutakaswa kwake ni kurudi kwa Kristo karibu na mwaka 1843. Aliendelea kuchunguza kwa miaka mingi, akaanza kuhubiri mwaka 1831. Maelfu waliamini. Hatimaye waumini wengi waliikazia macho tarehe 22 Oktoba 1844, na Miller naye akaikubali siku zikiwa zimebaki chache.

Siku hiyo ikapita, Bwana asije. Waliongoja walilia, na majirani wakawacheka. Mwanzoni mwa 1845 kanisa lake la Kibaptisti lilimwondoa katika ushirika.

Sasa Miller alikuwa na sababu kubwa ya kuiweka Biblia kando mara ya pili. Hakufanya hivyo. Alikiri waziwazi kwamba alikosea, lakini kosa aliliweka kwenye hesabu zake, si kwenye Neno la Mungu. Ujanani aliiacha Biblia bila kuichunguza; sasa alikuwa ameichunguza mno asiweze kuiacha. Hakutaka kushikilia tarehe nyingine, bali aliazimu kumngoja Bwana siku kwa siku.

Wengine, akiwemo Hiram Edson, waliyarudia mafungu yale yale na kuona kwamba patakatifu pa unabii pako mbinguni, Kristo anakohudumu kama Kuhani Mkuu. Miller hakuupokea ufafanuzi huo. Lakini njia waliyoifuata, ya kuliacha andiko lifafanue andiko, ndiyo aliyowafundisha.

Miller alifariki tarehe 20 Desemba 1849, macho yake yakiwa yamefifia, akingali anamtazamia Mwokozi.

Tafakari: Ni ahadi gani ya Biblia uliyoitarajia kwa namna fulani, mambo yakawa tofauti? Je, lililoshindwa lilikuwa Neno, au ni jinsi ulivyolielewa? Lirudie fungu hilo juma hili, ukilisoma pamoja na yale yanayolitangulia na yanayolifuata.