Sheck Exley, mwalimu wa hesabu aliyehesabu hewa kabla ya kuingia majini

Sheck Exley, Mmarekani aliyejulikana kuliko wengine wote katika kuzamia mapango yenye maji, alifariki tarehe 6 mwezi wa nne mwaka wa 1994 nchini Mexico, siku tano baada ya kutimiza miaka 45. Kwa wenzake habari hiyo ilikuwa ngumu kuamini, maana ni yeye aliyewafundisha wengi wao namna ya kurudi wakiwa hai.

Exley alizaliwa mwaka wa 1949 mjini Jacksonville, katika jimbo la Florida, na kazi yake ya mshahara ilikuwa kufundisha hesabu kwenye shule ya sekondari. Kaskazini ya Florida kuna chemchemi nyingi zinazotoka chini ya mawe ya chokaa. Miaka ya 1960 na 1970 vijana waliingia humo na chupa moja ya hewa mgongoni, taa moja mkononi, na wengi hawakutoka. Baharini mtu akiishiwa hewa anaweza kujaribu kupanda juu. Pangoni, juu ya kichwa kuna jiwe, na njia ya kutoka ni ileile aliyoingilia.

Hapo ndipo hesabu ya mwalimu ilipokuwa na maana. Chupa ya lita 15, ikijazwa kwa bar 200, ina lita 3000 za hewa. Mtu aliyetulia anatumia lita kama 20 kwa dakika akiwa juu ya maji. Lakini kila mita 10 za kushuka zinaongeza mgandamizo, hata kwa mita 90 anatumia mara kumi, yaani lita 200 kwa dakika. Chupa hiyo inakwisha kwa dakika 15 tu. Akibeba mbili anapata dakika 30, lakini si zote za kuchezea: theluthi moja ya kuingia, theluthi ya kutoka, na theluthi ya mwisho ni ya ajali, yake au ya mwenzake. Zinabaki dakika 10 za kwenda mbele. Kwa hesabu hiyo, chupa kubwa ilikuwa kwanza deni la kurudi.

Chupa mbili kubwa za chuma, zikijaa, zinaweza kupita kilo 40, na kuzibeba mpaka majini ni mateso. Za alumini zina shida nyingine: zikikaribia kuisha zinataka kuelea, na mzamiaji anavutwa kwenye paa la pango. Tena mbili zilizofungwa pamoja bila mpango hazitoshi. Zinaunganishwa kwa bomba lenye milango miwili, ili kifaa kimoja cha kupumulia kikiharibika, mtu afunge upande huo na kupumua kwa kingine, bila kupoteza hewa ya chupa yoyote.

Exley alichunguza vifo vya pangoni kimoja kimoja, na mwaka wa 1979 akatoa kitabu kidogo cha mafunzo. Sababu zilikuwa zilezile: kuingia bila kamba ya kuongoza mpaka nje, kutokuacha theluthi mbili za hewa kwa kurudi, na kushuka mno kwa hewa ya kawaida, ambayo kwenye kina kikubwa inalevya kama pombe.

Mwenyewe aliendelea kushuka, kwa mchanganyiko wenye gesi ya heli. Katika chemchemi ya Mante, nchini Mexico, alipita mita 260 mwaka wa 1989, na kupanda kulimchukua zaidi ya saa 10, akipumua kutoka chupa zilizotangulizwa kwenye kamba. Mwaka wa 1993 alifika mita 263 katika shimo la Bushmansgat, Afrika Kusini, huku mwili ukimtetemeka.

Shimo la Zacatón, katika jimbo la Tamaulipas, lina kina cha zaidi ya mita 300. Siku ile aliingia pamoja na Jim Bowden, kila mmoja na kamba yake. Bowden alitazama kipimo chake, akaona gesi imepungua kuliko alivyopanga, akageuka kwenye mita 282 na kuokoka. Exley hakuonekana. Siku tatu baadaye, kamba yake ilipovutwa juu, mwili wake ulikuja nayo, umezungushiwa kamba hiyo. Kipimo chake kilionyesha mita zipatazo 268. Ni nini kilimpata huko chini, haikujulikana.