Robert Bárány: Daktari wa kizunguzungu aliyepewa Nobel akiwa mfungwa wa vita

Kabla hujaendelea kusoma, jaribu hivi. Shika simu yako bila kuitikisa, kisha tikisa kichwa kushoto na kulia kama mtu anayekataa kitu. Bado unasoma, si ndiyo? Sasa tuliza kichwa, itikise simu kwa kasi ileile. Maandishi yanavurugika, huoni kitu.

Tofauti hiyo inaletwa na sikio. Ndani kabisa ya kila sikio kuna mifereji midogo 3 iliyopinda kama nusu duara, imejaa majimaji. Kichwa kikigeuka, majimaji yanachelewa kidogo, vinyweleo vilivyomo vinapinda, na neva inapeleka taarifa kwenye ubongo. Ubongo nao unayapeleka macho upande wa pili kwa kiasi kilekile. Ndiyo maana unachokitazama hakikimbii.

Wanasayansi waliitilia shaka mifereji hiyo mapema. Mfaransa Pierre Flourens aliikata kwenye njiwa katika miaka ya 1820, na njiwa wakapoteza mwelekeo. Lakini binadamu huwezi kumfanyia hivyo. Aliyewapa madaktari njia ya kuipima kwa mgonjwa, tena kwa maji tu, ni Robert Bárány.

Alizaliwa Vienna, Austria, tarehe 22 Aprili 1876. Utotoni aliugua kifua kikuu cha mifupa, goti likakakamaa moja kwa moja. Hata hivyo alicheza tenisi na kupanda milima maisha yake yote. Alisomea udaktari katika Chuo Kikuu cha Vienna, akamaliza mwaka 1900, kisha akaingia kliniki ya masikio ya Adam Politzer.

Pale kazi yake mojawapo ilikuwa kuosha masikio ya wagonjwa kwa maji. Wengi walishikwa na kizunguzungu, na Bárány akiwatazama aliona macho yao yanachezacheza yenyewe. Siku moja mgonjwa akalalamika kwamba maji ni ya baridi mno, ndiyo maana anazungukwa. Basi yakaletwa ya moto, moto kupita kiasi. Kizunguzungu kikaja vilevile, ila safari hii macho yakaruka kuelekea upande wa pili.

Mwingine angeomba radhi akaendelea na kazi. Bárány alikumbuka boila ya maji ya kuogea ya utotoni, juu ya moto, chini ya baridi. Akawaza kwamba majimaji ya sikioni yakipoa yanakuwa mazito na kushuka, yakipata moto yanapanda, na ubongo unadhani kichwa kinageuka. Kama ni hivyo, ukigeuza kichwa juu chini, macho nayo yabadili upande. Akajaribu, yakabadili.

Kuanzia hapo daktari aliweza kupima sikio moja moja: likimwagiwa maji na macho yasitikisike, kuna hitilafu huko ndani. Bárány pia alitumia kiti cha kuzunguka, ambacho mpaka leo kinaitwa kwa jina lake na hutumika kuwafunza marubani.

Vita ya Kwanza ya Dunia ilipoanza, alijitolea kuwa daktari wa jeshi la Austria licha ya goti lile. Alipelekwa ngome ya Przemyśl. Ngome ikaanguka Machi 1915, Warusi wakamchukua hadi Merv, katika Turkmenistan ya leo, na huko akaugua malaria. Akiwa kambini ndipo habari ikamfikia: ameshinda Tuzo ya Nobel ya Tiba ya mwaka 1914. Fikiria hali hiyo, dunia inakupongeza na wewe bado ni mfungwa.

Mwana mfalme Carl wa Sweden, kwa niaba ya Msalaba Mwekundu, aliingilia kati. Bárány akaachiwa mwaka 1916, akakabidhiwa tuzo Stockholm na mfalme mwenyewe.

Nyumbani mapokezi yalikuwa mengine. Wenzake wa Vienna walimshutumu kwamba hakuwataja ipasavyo waliomtangulia. Ni kweli wengine walikuwa wameshagusa jambo hilo, lakini kumsubiri mtu atoke kifungoni na malaria ndipo umshambulie, hapo wivu nao ulikuwepo. Alichoka. Mwaka 1917 akahamia Uppsala, Sweden, akawa profesa huko, na mwaka 1921 akaeleza kile kizunguzungu kinachompata mtu akigeuka tu kitandani. Hakurudi tena kuishi Vienna. Alifariki Uppsala tarehe 8 Aprili 1936, wiki 2 kabla ya kutimiza miaka 60.

Mwaka 1983 wanaanga walikirudia kipimo chake angani, mahali ambapo hakuna kizito wala chepesi, kwa hiyo majimaji hayawezi kupanda wala kushuka kwa sababu ya joto. Macho yakachezacheza vilevile. Kumbe boila ilieleza sehemu tu ya jambo. Kipimo chenyewe bado kinatumika kwenye kliniki za masikio.