Francis Galton: Aliyepima taswira za akilini, akakosea kupima utu

Na Mwandishi Wetu

WAHENGA walinena kuwa akili ni nywele, kila mtu ana zake. Katika karne ya 19, Mwingereza Sir Francis Galton aliutafutia ukweli huo ushahidi wa takwimu, pale alipowauliza wenzake ni nini hasa wanachokiona akilini wanapoikumbuka meza ya staftahi waliyoketi asubuhi.

Majibu aliyoyapata yalimshangaza, na hadi leo yanawashughulisha wanasaikolojia, walimu na makocha wa michezo. Lakini mtu huyo huyo ndiye aliyeasisi nadharia ya kuboresha vizazi vya binadamu kwa kuamua nani azae na nani asizae, nadharia iliyoleta maafa makubwa katika karne ya 20. Ni yeye pia aliyependekeza hadharani kuwa nafasi ya Waafrika katika mwambao wa Afrika Mashariki ichukuliwe na wageni kutoka China.

Kuzaliwa na elimu

Galton alizaliwa Februari 16, 1822 huko Birmingham, akiwa kitinda mimba katika familia ya matajiri wa benki. Kwa upande wa mama alikuwa mjukuu wa tabibu na mshairi Erasmus Darwin, hivyo alikuwa binamu wa Charles Darwin, mwanasayansi aliyeeleza jinsi viumbe hai vinavyobadilika kizazi hadi kizazi.

Utotoni alisifiwa kwa kipaji kisicho cha kawaida, kwani alianza kusoma kabla ya kutimiza miaka mitatu. Hata hivyo, masomo ya juu hayakumwendea kama jamaa zake walivyotarajia. Alianza masomo ya udaktari Birmingham na London, kisha akaenda kusoma hisabati katika Chuo Kikuu cha Cambridge. Huko alielemewa na masomo hadi akaugua, na mwaka 1844 akahitimu kwa shahada ya kawaida isiyo na daraja la heshima.

Mwaka huo huo baba yake alifariki dunia na kumwachia urithi uliomwondolea haja ya kuajiriwa maisha yake yote. Galton akaanza kusafiri. Alipanda mto Nile hadi Khartoum, na kati ya mwaka 1850 na 1852 aliongoza msafara katika nchi ambayo sasa inaitwa Namibia, akafika hadi kwa Waovambo wa kaskazini.

Kutokana na vipimo na ramani alizorejea nazo, Jumuiya ya Kifalme ya Jiografia ya London ilimtunuku medali ya dhahabu mwaka 1853. Mwaka huo alimwoa Louisa Butler. Hawakujaliwa kupata mtoto.

Mtu wa kuhesabu

Sifa moja ilimtambulisha Galton katika kila alilolifanya: alipenda kuhesabu. Aprili 1, 1875 gazeti la The Times la London lilichapisha ramani ya hali ya hewa aliyoiandaa, ambayo ilikuwa ya kwanza ya aina yake kutoka gazetini. Mwaka 1884 alifungua maabara katika maonyesho ya afya jijini London, ambako watu 9,337 walipimwa urefu, nguvu, uwezo wa kuona na kusikia, kila mmoja akilipa peni tatu.

Kitabu chake cha mwaka 1892 kuhusu alama za vidole kilisaidia kuzifanya zitumike kuwatambua watu. Aidha, yeye ndiye aliyeanzisha mbinu ya kitakwimu ya kupima uhusiano kati ya mambo mawili, kwa mfano urefu wa baba na ule wa mwanawe. Mbinu hiyo inatumika hadi leo katika fani zote za utafiti.

Ilikuwa vigumu mtu wa namna hiyo kuiacha akili ya binadamu bila kuihesabu. Alianza na ya kwake mwenyewe. Alitembea polepole katika barabara ya Pall Mall jijini London, akiangalia ni mawazo gani yanayomjia kila anapotupia jicho kitu fulani. Baadaye aliandaa orodha ya maneno 75, akaipitia mara nne kwa nyakati tofauti, akiandika kila wazo lililozuka na muda lililochukua. Aligundua kuwa mawazo mengi yalijirudia, na kwamba mengi yalitoka utotoni na ujanani.

Meza ya staftahi

Mwishoni mwa mwaka 1879 Galton aliandaa hojaji na kuwapelekea watu wengi, wakiwamo wanasayansi mashuhuri. Mhojiwa alitakiwa kuifikiria meza aliyokula staftahi asubuhi hiyo, kisha aeleze mambo matatu: kama taswira ina mwanga wa kutosha, kama vitu vinaonekana bayana, na kama rangi zake ni kamili.

Miongoni mwa waliojibu alikuwa binamu yake, Charles Darwin, ambaye alieleza kuwa baadhi ya vitu, kama nyama baridi, zabibu na pea, vilimjia kwa uwazi mkubwa. Galton alipokea pia majibu ya wavulana 172 wa shule ya Charterhouse.

Alichukua majibu ya wanaume 100 na kuyapanga kutoka taswira iliyo wazi kabisa hadi ile isiyokuwapo. Katika ncha moja walikuwapo walioiona meza kama vile bado wamekaa mbele yake. Katikati walikuwapo walioona picha hafifu, kana kwamba imefunikwa na ukungu. Katika ncha ya pili walikuwapo waliojua vyema walikula nini, lakini hawakuona chochote akilini.

Wale wa kundi la mwisho ndio waliomshangaza zaidi. Baadhi yao walidhani kwamba watu wanaosema wanaona picha akilini wanatumia tamathali ya usemi tu. Wenye taswira kali nao hawakuelewa inawezekanaje mtu akumbuke bila kuona. Kila upande ulikuwa umeishi miaka yote ukiamini kuwa akili za watu wote hufanya kazi kama yake.

Galton alichapisha matokeo hayo mwaka 1880 katika jarida la Mind, na kuyarejea katika kitabu chake cha mwaka 1883. Humo alisema kuwa elimu inayotegemea vitabu pekee inadumaza uwezo wa taswira, na akamtaja kwa sifa mwalimu wa uchoraji wa Ufaransa, Horace Lecoq de Boisbaudran, aliyewazoeza wanafunzi wake kuchora kwa kumbukumbu.

Yaliyothibitika na yaliyokanushwa

Si yote aliyoyahitimisha yaliyosimama. Galton alidai kuwa wanasayansi kwa ujumla wana taswira dhaifu kwa sababu wamezoea fikra zisizo na umbo. Mwaka 2006 watafiti wa Marekani William Brewer na Marlene Schommer-Aikins waliyapitia upya majibu ya wanasayansi wake na kuwahoji wanasayansi wa sasa. Walibaini kuwa dai hilo halikuungwa mkono na takwimu zake mwenyewe.

Lakini msingi wa ugunduzi wake haukutikisika. Mwaka 1973 mwanasaikolojia David Marks alitunga hojaji ya maswali 16 ya kupima uwazi wa taswira, ambayo chimbuko lake ni fikra ile ile ya Galton. Mwaka 2015 Adam Zeman wa Chuo Kikuu cha Exeter, Uingereza, na wenzake waliipa jina la afantasia hali ya mtu kutoona taswira yoyote akilini. Hali hiyo si ugonjwa, na wapo wenye nayo ambao ni wasomi na wasanii hodari.

Katika michezo na ufundi, mapitio ya tafiti 60 yaliyofanywa na Deborah Feltz na Daniel Landers mwaka 1983 yalionyesha kuwa kufanya mazoezi akilini kunamsaidia mtu kuliko kukaa bila kufanya lolote. Hata hivyo, tafiti zinaonyesha pia kuwa mazoezi hayo hayawezi kuchukua nafasi ya yale ya mwili.

Ambao hakuwauliza

Kwa wasomi wa Uingereza, Galton aliuliza kwanza, akasikiliza, kisha akaandika. Kwa Waafrika hakufanya hivyo. Alipokiri kwamba Wasan wa kusini mwa Afrika wana uwezo mkubwa wa taswira, alitegemea michoro yao na maelezo ya wasafiri, si kauli za Wasan wenyewe.

Katika kitabu chake cha mwaka 1869 kuhusu urithi wa vipaji, alikuwa amezipanga jamii za binadamu kwa daraja na kuwaweka Waafrika daraja mbili chini ya Waingereza. Hakuwa na kipimo chochote cha akili. Alichokuwa nacho ni simulizi na chuki za zama zake.

Juni 1873, mwezi ule ule ambao Sultani Barghash bin Said wa Zanzibar alitia saini mkataba wa kufunga soko la watumwa, The Times lilichapisha barua ya Galton. Ndani yake aliitaka Uingereza iwahimize Wachina kuhamia mwambao wa Afrika Mashariki, akiamini kuwa wataongezeka na hatimaye kuchukua nafasi ya Waafrika, aliowaona kuwa duni. Pendekezo hilo halikutekelezwa, lakini aliyelitoa alikuwa mwanasayansi aliyeheshimika.

Miaka kumi baadaye alibuni neno yujeniki, kwa maana ya sayansi ya kuboresha uzao wa binadamu. Jimbo la Indiana nchini Marekani lilipitisha sheria ya kuwafunga uzazi kwa lazima watu walioitwa wasiofaa mwaka 1907, Galton akiwa bado hai. Katika karne hiyo Wamarekani zaidi ya 60,000 walifungwa uzazi. Nchini Ujerumani, chini ya sheria ya Wanazi ya mwaka 1933, waliofanyiwa hivyo wanakadiriwa kufikia 400,000.

Mwisho wa safari

Galton alipewa cheo cha heshima cha Sir mwaka 1909. Alifariki dunia Januari 17, 1911 huko Haslemere, akiwa na miaka 88, akazikwa katika kijiji cha Claverdon. Aliacha wosia wa pauni 45,000 kwa Chuo Kikuu cha London, kwa ajili ya kuanzisha kiti cha uprofesa wa yujeniki, ambacho mwanatakwimu Karl Pearson alikuwa wa kwanza kukikalia katika University College.

Juni 2020 University College London kilitangaza kuliondoa jina la Galton katika ukumbi wake wa mihadhara, na mwaka uliofuata kikaomba radhi kwa nafasi yake katika kueneza nadharia hiyo.

Mbinu zake za takwimu hazikuondolewa, wala swali lake kuhusu meza ya staftahi. Mwalimu anayewaambia wanafunzi wafumbe macho na kuona pembetatu bado anapaswa kukumbuka kuwa darasani mwake huenda yumo mtoto asiyeona kitu, na ambaye hana upungufu wowote wa akili. Hilo lilijulikana kwa sababu Galton aliuliza. Nyani haoni kundule: alipoacha kuuliza, yeye mwenyewe aliangukia kosa alilolifichua kwa wengine, la kudhani kwamba akili yake ndiyo kipimo cha akili zote.